Keki inataka kahawa ya kuyeyuka, wewe unayo ya kusaga

Maelekezo ya keki yakisema kahawa ya kuyeyuka, ile kama Africafe, usimwage ya kusaga kwenye unga. Haiyeyuki, utatafuna chenga kama mchanga. Chemsha vijiko viwili vya chakula vya hiyo ya kusaga kwa nusu kikombe cha maji, chuja kwa kitambaa, iache ipoe, kisha punguza maziwa ya keki kwa kiasi hichohicho cha kahawa uliyopata. Mimi hupima baada ya kuchuja, maana machicha hunywa maji mengi.

Wakiandika espresso, yaani kahawa nzito ya kikombe kidogo, kazi ni nyepesi: kijiko cha chai kilichojaa cha kahawa ya kuyeyuka kwenye vijiko viwili vya chakula vya maji moto. Kahawa ya kijiweni yenye tangawizi? Hiyo kunywa na kashata.