Kabla hujanunua spika mpya, anza na sindano: kurekebisha pleya ya santuri nyumbani

Pleya ya baba mdogo ilikaa juu ya kabati kule Tanga miaka kibao, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na siku nilipoipandisha basi kuja nayo Dar nilijiona nimeokota dhahabu. Nikaichomeka kwenye sabufa yangu pale AUX, nikaweka singo moja ya zamani, nikakaa. Ikatoka sauti kama ya redio ya jirani wa chumba cha tatu, nyembamba, besi hamna, afu nyuma yake kuna mvumo mmoja mzito mmmmm usioisha. Nikasema basi hizi spika zimechoka, nikaanza kuulizia bei za amplifaya Kariakoo. Bahati nzuri hela haikutosha, manake spika hazikuwa na kosa lolote, sauti ilikuwa inapotea mapema sana, pale sindano inapogusa santuri na ule mwendo mfupi wa waya kutoka hapo mpaka kwenye sabufa. Kwahiyo haya ninayoandika yana mpangilio mmoja tu: anzia kwenye sindano uje nje, spika ziwe mwisho.

Ila kabla ya sindano, geuza pleya usome kile kibandiko cha nyuma. Pleya nyingi za mtumba zimetoka Japani na Japani umeme wao ni volti 100. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 utasikia harufu kabla hujasikia muziki. Ya Marekani ni volti 120, hiyo nayo inataka transfoma ya kushusha, na ina mtego mwingine: kama mota yake inafuata hezi za umeme (mitetemo kwa sekunde), kule ni 60 huku ni 50, transfoma inashusha volti lakini hezi haigusi, kwahiyo ile spidi ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika inakuja kuwa kama 28 na kila mwimbaji anakuwa na sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Uliza kwanza hayo, ndo uanze kupatana bei.

Haya sasa ile sauti nyembamba. Katriji, yaani kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, ile ya kawaida ya sumaku inatoa milivolti 3 mpaka 5 tu, yaani kitu kidogo mno, simu ukiichomeka kwenye AUX hiyo hiyo inatoa mara mia na zaidi. Lakini hata ukikaza volyumu mpaka mwisho bado haitakaa sawa, kwa sababu santuri inapochongwa besi hupunguzwa makusudi, besi kubwa inachonga mfereji unaoyumba sana na kula nafasi, na zile sauti za juu huongezwa ili zizidi mikwaruzo. Kuna kipimo cha kazi hiyo kiitwacho RIAA kilichokubaliwa Marekani mwaka 1954, na kifaa cha kurudisha kila kitu mahali pake ndo kinaitwa fono. Kule chini kabisa kwenye hezi 20 kinaongeza kama mara kumi, kule juu hezi elfu 20 kinapunguza mara kumi. Amplifaya za zamani zinacho ndani, angalia tundu limeandikwa PHONO. Sabufa zetu hazinacho, kwahiyo unanunua kaboksi kadogo ka fono kanakaa katikati. Pleya mpya nyingi zinacho humo humo na swichi nyuma, PHONO au LINE, kama unaenda AUX weka LINE. Usipitishe fono mbili kwa mpigo, hapo utapata besi ya kuchana koni na kila kitu kinakoroma.

Mvumo ulikuwa ni waya wa ethi. Pleya ina kawaya kembamba kamechomoza peke yake nyuma, watu wengi wanadhani kamekatika toka kwenye kitu fulani wanakakunja. Mi nilikakunja. Kanafungwa kwenye skrubu iliyoandikwa GND nyuma ya amplifaya au kwenye kile kaboksi cha fono, basi, mvumo unakata hapo hapo. Ukibaki kidogo sogeza adapta ya king'amuzi na ruta mbali na waya za pleya.

Sasa tuje kwenye uzito wa mkono, na hapa naomba tukae kidogo maana ndo santuri nyingi zinapouliwa. Pleya ya baba mdogo ilikuja na sarafu imegandishwa na seloteipu juu ya kichwa cha mkono. Hiyo ni dawa ya wazee wote, sindano ikiruka unaweka sarafu, ikiruka tena unaongeza ya pili. Kila katriji ina uzito wake umeandikwa na kiwanda, kwa mfano Audio-Technica VM95E inataka gramu 2, Ortofon 2M Red gramu 1.8, na sarafu yoyote ile inakutoa nje ya hapo mbali kabisa. Lakini usidhani kwahiyo nyepesi ndo salama, hapana, nyepesi kupita kiasi ni mbaya zaidi maana sindano inapoteza mfereji, inarukaruka humo ndani ikigonga kuta, na kile inachogonga hakirudi. Ukisikia waimbaji wanatoa cheche kwenye kila neno lenye s, mara nyingi ni wepesi au uchafu.

Namna ya kuweka: zungusha ile antiskeiti (kitufe kinachozuia mkono usivutwe kwenda katikati) iwe sifuri, toa kifuniko cha sindano, shusha lifti ya mkono pembeni ya sinia (ile sahani inayozunguka) pasipo na santuri, afu zungusha ule uzito wa nyuma polepole mpaka mkono uelee wenyewe, hauinami hauinuki, kama boti isiyo na upepo. Hapo shika uzito usizunguke, geuza karingi kenye namba tu kaje kwenye 0. Sasa zungusha vyote pamoja mpaka namba unayotaka, 2 kama ni 2, na antiskeiti uipe namba hiyo hiyo. Usiiamini sana namba ya karingi lakini, yangu ilikuwa inadanganya karibu nusu gramu. Nenda kanunue kamizani kadogo ka digito ka kupimia dhahabu, kale ka sonara kenye desimali mbili, hakana bei kubwa. Ila sindano ipimwe kwenye kimo cha santuri, kamizani kakiwa juu kwa sentimita mbili mkono unakuwa umeinuka na namba inabadilika, kwahiyo mi naondoa kimkeka cha juu ya sinia na kama bado kako juu natoa sinia lenyewe. Na angalia bamba la kamizani lisiwe la chuma kinachovutwa na sumaku, katriji ina sumaku ndani, utapata uzito wa uongo.

Ukishaweka uzito, pembe ya katriji. Mkono wa pleya unazunguka kwenye ekseli yake kwahiyo sindano haiwezi kukaa sawa na mfereji santuri nzima, inakaa sawa sehemu mbili tu, na vipimo vinavyotumika sana ni milimita 66 na milimita 120.9 toka katikati ya santuri. Kuna michoro ya bure ya kuchapa kwenye karatasi, unatoboa tundu la katikati, unashusha sindano kwenye alama, unaangalia kama katriji imelingana na mistari, ikiwa imepinda unalegeza skrubu mbili za kichwa unaisogeza kidogo kidogo mpaka alama zote mbili zikubali. Mi nilichapisha steshenari moja karibu na home, nikahangaika nayo jioni nzima nikaona sasa katriji imekaa vizuri kabisa, nikasikiliza, imekuwa mbaya kuliko mwanzo! Siku mbili baadae ndo nikaweka rula juu ya ile karatasi, ile 66 ilikuwa 63. Dogo wa mashine aliacha ijipunguze ienee kwenye karatasi. Kwahiyo sema nataka asilimia mia, na upime na rula hapo hapo kaunta kabla hujalipa.

Hii kazi ya pembe utaisikia zaidi kwenye wimbo wa mwisho wa upande. Ukingoni mwa LP, ile santuri kubwa ya 33, mfereji unapita chini ya sindano kama nusu mita kwa sekunde, karibu na lebo unapita sentimita 20 hivi, yaani muziki ule ule umebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu, kosa dogo la pembe linakuwa kubwa. Kipimo changu ni magitaa ya dansi la zamani, lile gitaa la ridhimu linalochechemea nyuma ya solo. Kama mwisho wa upande bado naweza kulifuata bila kukodoa masikio basi nimemaliza, naacha bisibisi.

Waya nne za katriji zina rangi na usizichanganye: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Ukigeuza chanya na hasi upande mmoja, besi inapotea na mwimbaji anakuwa hayupo mahali popote, unamsikia ila humuoni.

Sindano yenyewe inachakaa, almasi ndio lakini inachakaa. Audio-Technica wanasema sindano yao ya duaradufu saa 300 hivi, ukipiga hesabu upande wa dakika 20 hiyo ni kama LP 450 nzima nzima. Sindano uliyorithi huna hesabu yake, badilisha, usijadiliane na nafsi. Kuisafisha ni brashi ndogo laini kutoka nyuma kuja mbele, kamwe sio pembeni wala mbele kwenda nyuma, kale kafimbo kanakoshika almasi kanavunjika kama mguu wa mbu.

Santuri nazo zioshe, hasa sisi wa pwani, unyevu huu unaotoa ukungu kwenye viatu unatoa ukungu kwenye santuri pia, ukiinamisha kwenye mwanga unaona madoa meupe. Maji yawe yaliyochujwa chumvi, yale ya betri ya sheli yanafaa ila soma chupa vizuri maana pembeni yake wanauza asidi ya betri na machupa yanafanana. Tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, lebo isilowe, suuza kwa maji hayo hayo, simamisha kwenye rafu ya vyombo ikauke.

Belti ya mpira ikikaa miaka kwenye joto inageuka lami. Yangu ilibaki vidoleni, nyeusi, ilinichukua siku tatu kutoka kwenye kucha. Safisha puli (kile kigurudumu cha mota) na ukingo wa ndani wa sinia kwa spiriti, pima njia ya belti kwa uzi ndo uagize nyingine. Spidi unaipima na kale kakaratasi ka vistari, chini ya taa ya umeme wa hezi 50 vile vistari 180 vikisimama tuli ndo 33 na theluthi, lakini taa nyingi za LED hazimweki kwa mtindo huo, tafuta balbu ya zamani ama tumia apu ya simu. Pleya nyingi za mota ya DC zina katundu chini ya mota, ndani kuna skrubu ya spidi, izungushe kwa bisibisi ndogo, kidogo sana.

Ndo tunafika sebuleni. Mwanzoni nilikuwa nimeweka pleya juu ya sabufa kabisa, ilionekana smati. Jaribu hivi: mota ikiwa imezimwa, weka sindano juu ya santuri iliyosimama, pandisha volyumu polepole, gonga kabati kwa kidole. Kama spika zinatoa bum kubwa au zinaanza kuunguruma zenyewe, basi sabufa inaitikisa sindano na sindano inairudishia sabufa, wanazungushana. Hamisha pleya kwenye meza yake. Mi nilienda kwa fundi wa makaunta ya jiko nikaomba kipande cha granaiti kilichobaki, nikakata mipira miwili ya tenisi katikati, vipande vinne chini, granaiti juu, pleya juu yake, nikanyoosha kwa pimamaji. Shemeji alicheka sana. Bum imepungua mpaka volyumu ninayotumia siisikii, na besi ya sabufa niliirudisha chini ya nusu kwa sababu sasa ipo ya kweli.

Spika ndogo zitoe kwenye kabati la TV, ziwe mbali mbali, usawa wa masikio ukiwa umekaa, zisigandane na ukuta. Nyumba zetu za saruji na vigae zinapiga mwangwi balaa, zulia na pazia zito vinasaidia kuliko waya wowote wa bei mbaya.

Na kama kwenye boksi la urithi umekuta zile santuri nzito za 78, zinazovunjika kama sahani, za enzi zile kina Siti binti Saad walipokwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV mwaka 1928, usizipige na sindano yako ya LP. Mfereji wake ni mpana karibu mara tatu, sindano inazama chini inakwaruza uchafu, tafuta sindano yake ya 78. Na spiriti isiziguse hata tone, zile ni shelaki na shelaki inayeyuka kwenye spiriti, utakuwa unafuta wimbo wenyewe.