Somo: Kukokotoa umbali wa anga kati ya Iqaluit na Yellowknife

Iqaluit ni makao makuu ya Nunavut, na Yellowknife ni makao makuu ya Northwest Territories, kaskazini mwa Kanada. Iqaluit haina barabara inayoifikisha katika mji mwingine wowote, hivyo abiria, barua na dawa hutegemea ndege, na hesabu ya mafuta huanzia kwenye umbali sahihi.

Hatua ya kwanza. Andika mahali pa kila mji. Iqaluit ipo latitudo 63.75 Kaskazini, longitudo 68.52 Magharibi, Yellowknife ipo 62.45 Kaskazini, 114.38 Magharibi. Tofauti ya longitudo ni digrii 45.86. Usiizidishe kwa 111, yaani kilomita za digrii moja, kama ambavyo ungefanya karibu na ikweta, tuseme Kisumu au Nairobi, kwa sababu mistari ya longitudo hukaribiana kadiri inavyoelekea ncha ya dunia, na kwenye latitudo ya 63 digrii moja ina takribani kilomita 50 tu.

Hatua ya pili. Hakikisha kikokotoo kinasoma digrii. Zidisha saini za latitudo hizo mbili, utapata 0.79517. Kisha zidisha kosaini zake, na jibu hilo ulizidishe tena kwa kosaini ya 45.86, utapata 0.14246. Jumla yake, desimali zote zikihesabiwa, ni 0.93764. Nasisitiza desimali tano, kwa kuwa ukikadiria kuwa 0.938 umbali utapungua kwa karibu kilomita 7.

Hatua ya tatu. Tafuta pembe ambayo kosaini yake ni 0.93764, yaani digrii 20.34, uizidishe kwa 111.2, ambazo ni kilomita za digrii moja juu ya duara kuu la dunia. Jibu ni kilomita 2,262.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nikiweka rula kwenye ramani ya ukutani, mstari unapita chini ya njia inayochorwa kwa ajili ya ndege. Upi ni mfupi?

Jibu: Njia ya ndege ndiyo fupi. Ramani bapa huinyoosha dunia iliyo tufe, na njia fupi juu ya tufe hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia, na ambalo hapa hupanda hadi karibu latitudo ya 65 ingawa miji yote miwili ipo chini ya 64. Ukishika mwelekeo uleule mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, utasafiri takribani kilomita 2,310.

Swali: Je, ndege ikipitia Rankin Inlet, mji wa Nunavut ulio kati ya miji hiyo miwili?

Jibu: Kokotoa kila kipande peke yake, kisha jumlisha. Iqaluit hadi Rankin Inlet ni takribani kilomita 1,180, na kutoka hapo hadi Yellowknife ni takribani 1,130. Umbali huongezeka kidogo tu, chini ya kilomita 50. Kinachoongezeka sana ni muda, kwa kuwa ndege hulazimika kushuka, kusubiri abiria na mizigo, kisha kupaa upya, na kupaa ndiko kunakokula mafuta mengi.

Swali: Naweza kupata muda wa safari kwa kulinganisha saa ya kuondoka na ya kufika?

Jibu: Si moja kwa moja, ndugu yangu. Saa za Yellowknife zipo nyuma ya za Iqaluit kwa saa mbili. Ndege ikiondoka Iqaluit saa 4:00 asubuhi na kuruka kwa saa tatu na nusu, itatua Yellowknife saa 5:30 asubuhi ya huko. Ongeza saa mbili unapoelekea magharibi, na uzitoe unaporudi.