Wakisema "ni kwa ajili ya ugaidi", soma muswada hivi kabla hujasema ndiyo au hapana

Shambulio likishatokea, haipiti muda utasikia kuna muswada mpya wa usalama, na hapo hapo watu wanagawanyika mitandaoni, hawa "kama huna cha kuficha unaogopa nini", wale "wanataka kutuchungulia tu". Mi hizo kelele naziacha, natafuta muswada wenyewe nausoma, na naomba na wewe ufanye hivyo maana ubaya au uzuri wake uko kwenye vifungu, haupo kwenye hotuba.

Cha kwanza kabisa angalia anafuatiliwa nani. Mtu mmoja anayeshukiwa, sababu zimeandikwa, jaji kaziona akatoa kibali, hapo sina ugomvi kabisa, wamnase simu zake zote. Lakini kama kifungu kinasema data za kila mwenye laini zikusanywe halafu gaidi atatafutwa humo humo, simama kwanza, chukua kalamu piga hesabu.

Tuseme nchi ina watu milioni 50 na magaidi 100. Mtambo wa kuchambua data ni mzuri ajabu, unapatia kwa asilimia 99 (ambao haupo, lakini tuwape tu). Utanasa magaidi 99, safi. Ila ile asilimia moja ya kukosea inawaangukia wasio na hatia, na asilimia moja ya milioni 50 ni watu kama 500,000! Yaani kila gaidi mmoja kwenye orodha kazungukwa na watu zaidi ya 5,000 ambao hawajafanya kitu, sasa niambie ni maofisa wangapi watawapitia wote hao. Na wakati huo huo wanaojulikana wanaponyoka, wale ndugu wawili walioshambulia Paris Januari 2015 walikuwa wanajulikana na vyombo vya usalama, ufuatiliaji ukasitishwa miezi kadhaa kabla. Majina yalikuwepo, kilichokosekana ni kuendelea kuwafuatilia.

Pili, ukiambiwa "hatusikilizi maneno, tunachukua tu nani kampigia nani na saa ngapi", usipumue bado. Ona hii: saa tatu asubuhi mtu kapigiwa na kliniki ya vipimo vya ukimwi, dakika mbili. Hajakaa sawa kampigia mkewe, sekunde ishirini, simu ikakatwa. Kisha kampigia mama yake, dakika arobaini. Kuna haja ya kusikia walichoongea?

Tatu, winda maneno mapana, na hapa ndo penye kazi kwa hiyo tulia. "Husika", "na mengineyo", "kadiri itakavyoonekana inafaa", ukiyaona piga mstari. Marekani walisaini Patriot Act, sheria yao ya kupambana na ugaidi, tarehe 26 Oktoba 2001, siku 45 tu baada ya mashambulio ya Septemba 11, na kifungu cha 215 kiliruhusu kuchukua rekodi zinazohusiana na uchunguzi. Ukisoma haraka unaona kawaida tu, kumbe baadaye kikatafsiriwa kwamba rekodi za simu za karibu kila mtu "zinahusiana", na wananchi wakaja kujua Juni 2013 baada ya Edward Snowden, aliyekuwa akifanya kazi kwa shirika lao la ujasusi NSA kupitia kampuni ya nje, kuvujisha siri hiyo. Halafu Januari 2014 bodi ya serikali yenyewe inayoangalia faragha ikasema haikupata hata tishio moja ambalo mpango ule ulileta tofauti ya maana kwenye uchunguzi wake. Yote hayo kwa neno moja tu, "zinazohusiana", jamani.

Nne, nani anatoa kibali. Waziri peke yake haitoshi, yeye ana presha ya siasa, kesho likitokea shambulio analaumiwa yeye kwa hiyo atasaini kila kitu. Uingereza kwenye sheria yao ya 2016 waliweka kufuli mbili, waziri anasaini halafu jaji naye lazima akubali ndo simu inaswe. Sheria yenyewe ina mapana yake mengi lakini hicho kipande unaweza kukiiga.

Tano, inaisha lini. Ufaransa walitangaza hali ya dharura Novemba 2015, kwa kuanzia siku 12, ikaongezwa ikaongezwa mpaka 1 Novemba 2017, na ilivyoisha baadhi ya mamlaka yake yakawa yameshahamia kwenye sheria ya kawaida. Kwa hiyo dai tarehe ya ukomo imeandikwa, na data nazo zifutwe baada ya muda gani.

Ukishamaliza, usiandike "naupinga muswada wote", hiyo inatupwa. Mwandikie mbunge wako kwa namba ya kifungu na maneno mbadala, mfano "kifungu cha 12, badala ya ofisa yeyote, isomeke jaji wa Mahakama Kuu", mtu wa kamati anaweza kuikopi kama ilivyo. Na ukikuta kifungu kizuri sema ni kizuri, utasikilizwa zaidi kwenye kibaya.

Sheria ikipita kazi bado, kila mwaka waulizwe vibali vingapi vimeombwa, vingapi vimekataliwa, kesi ngapi zimefika mahakamani. Ukiona vilivyokataliwa ni sifuri miaka mitatu mfululizo, rudi kwa mbunge na barua ya pili.