Somo: Borsch ya Kirusi isiyopoteza wekundu wake

Wapendwa, leo tunapika borsch, supu ya bitiruti inayopikwa Urusi, Ukraine na kwa majirani zao. Waukraine wanaidai kuwa yao, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza utamaduni wao wa kuipika kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mimi nawaelekeza ile ya majumbani Urusi, yenye nyama na viazi. Shikeni rangi kuliko yote: borsch ikigeuka kahawia, ujue bitiruti iliingia sufuriani mapema mno, tena bila siki.

Mahitaji: nyama ya ng'ombe yenye mfupa nusu kilo, bitiruti 2, robo kabichi, viazi 3, karoti, kitunguu, nyanya ya kopo vijiko 2, siki kijiko 1, sukari kidogo, vitunguu saumu punje 3, majani ya shibiti (dill).

1. Bandika nyama kwenye lita 2 za maji baridi. Engua povu lote, kisha punguza moto, iive taratibu kwa saa moja na nusu au mbili.

2. Hapa ndipo penye kazi. Menya bitiruti, uikate vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Ikaange kwa mafuta ya alizeti, na mara tu inapopata moto nyunyiza siki. Utaona wekundu unang'aa papo hapo. Ongeza sukari, nyanya na upawa mmoja wa supu ya nyama, funika, iive polepole dakika 20.

3. Pembeni, kaanga kitunguu na karoti.

4. Toa nyama, ichambue, irudishe. Tia viazi, na baada ya dakika 10 kabichi. Viazi vilainike kabisa kabla hujaendelea, kwani vikikutana na uchachu bado vigumu, vitachelewa sana kuiva.

5. Sasa mimina bitiruti, kitunguu na karoti. Tia chumvi na pilipili manga. Dakika 5 zinatosha, na isitokote kwa nguvu.

6. Zima moto, tia saumu iliyopondwa na shibiti, funika dakika 20. Ikilala hadi kesho yake, utamu unazidi.

Warusi huweka juu kijiko cha smetana, yaani krimu iliyochachuliwa, na kula na mkate mweusi wa rai (rye), nafaka inayofanana na ngano. Mtindi mzito uliochujwa maji unafaa sana.

MASWALI

Shikamoo mama. Sisi hatuli nyama, inawezekana?
Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa. Waorthodoksi wa Urusi wakiwa kwenye mfungo huipika bila nyama wala smetana. Weka uyoga au maharage yaliyochemshwa, na uongeze kitunguu.

Dada, siki sina. Limau je?
Linafaa. Kamua kijiko kimoja na nusu, utie wakati uleule wa siki, usingoje mwisho.

Nimeila jana usiku, leo mkojo una wekundu. Nimeogopa!
Pole mdogo wangu. Kwa baadhi ya watu rangi ya bitiruti hupita hivyo, na haina madhara. Acha kuila, wekundu ukiendelea zaidi ya siku mbili, au ukisikia maumivu, nenda hospitali ukapimwe.