Mtoto wa mbwa aina ya Labrador akichoka kuleta mpira
Kama anaukimbilia mpira mara mbili kisha anauacha mchangani na kwenda kufukuza kaa, usiendelee kumrushia mpaka achoke. Rusha mara tatu tu, na akiwa bado anarukaruka anataka zaidi, utie mfukoni muondoke. Nyumbani ufungie kabatini, maana kitu kinachozagaa uani kutwa hakimtamanishi. Akikuletea usimpokonye, hapo ndipo wengi wanapoharibu: mwonyeshe dagaa mmoja, atauachia mwenyewe. Jua la saa sita hapa Nyali, Mombasa, mbinu hii haifui dafu, mbwa wa manyoya mazito atahema tu, nenda alfajiri. Akiwa anabadilisha meno, miezi 4 hadi 7 hivi, fizi humuuma, kwa hiyo mrushie soksi kuukuu iliyofungwa fundo.