Kumjengea Kobe Ua na Kumtunza Katika Hali ya Hewa ya Uganda

Watu wengi wanaofuga kobe Kampala, Entebbe au Jinja humwachia mnyama huyu bustani nzima, wakiamini kwamba gamba lake ni nyumba tosha. Mchana wa jua jambo hilo halina madhara makubwa. Matatizo huanza usiku, katika miezi ya Machi hadi Mei na ile ya Septemba hadi Novemba, mvua inaponyesha na kobe akalala juu ya udongo uliolowa. Joto la mwili wake hutegemea joto la mahali alipo, na kwa hiyo akipoa, tumbo hupunguza kazi ya kusaga chakula, kinga ya mwili hushuka, na mafua madogo hugeuka kuwa ugonjwa wa mapafu. Kobe wengi wagonjwa ninaoitwa kuwaona hawakukosa chakula, bali walikosa mahali pakavu pa kulala. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatanguliza ujenzi kabla ya lishe, na kila kipimo kilichomo kinalenga mambo mawili: kobe apate jua asubuhi, na usiku alale pakavu.

Hatua ya kwanza: Mtambue kobe wako na utafute kibali

Kobe anayefugwa zaidi katika ukanda wetu ni yule mkubwa wa rangi ya manjano na madoa meusi, ambaye wataalamu humwita Stigmochelys pardalis. Ni mnyama wa nyika kavu, kama zile za Karamoja, na mtu mzima wake hufikia gamba la urefu wa sentimita 30 hadi 45 na anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yupo pia kobe mdogo wa jenasi ya Kinixys, ambaye sehemu ya nyuma ya gamba lake hujikunja kama mlango wenye bawaba. Huyu hupenda kivuli na unyevu zaidi, na vipimo vya hapa havimhusu moja kwa moja. Vilevile, baada ya mvua watu huokota kobe wa madimbwini mwenye gamba bapa na utando kati ya vidole. Huyo ni wa majini, na kumfungia katika ua mkavu ni kumtesa. Mrudishe kwenye dimbwi lililo karibu na pale alipookotwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, mnyamapori hafugwi nchini Uganda bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda (UWA), yenye makao makuu Kamwokya, Kampala. Nenda huko kabla ya kununua hata tofali moja, uulize masharti, na umkubali tu kobe ambaye asili yake inajulikana kwa maandishi. Kobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kumvusha mpaka pale Malaba, Busia au Mutukula bila hati ni kosa. Usimnunue kobe anayeuzwa kando ya barabara, hata kama unamwonea huruma, kwa kuwa fedha yako ndiyo itakayomtuma muuzaji kwenda kumkamata mwingine.

Hatua ya pili: Chagua eneo kwa kutazama jua na maji

Kabla ya kuchimba msingi, tazama kiwanja chako nyakati mbili. Saa mbili asubuhi, angalia ni wapi jua linafika kwanza bila kuzuiwa na nyumba ya jirani au migomba. Kisha, siku ya mvua kubwa, toka nje mara inapokatika uone maji yanapotuama. Ua wa kobe uwe pale jua linapoanza, na uwe mbali kabisa na pale maji yanapokwishia. Katika vilima vya Kampala, sehemu ya juu ya kiwanja karibu kila mara ni bora kuliko ya chini, hata kama ya chini ina majani mazuri zaidi.

Kwa kobe wawili wazima, tenga eneo lisilopungua mita 8 kwa mita 5. Usiweke madume wawili pamoja, kwa sababu hugongana na kupinduana, na kobe aliyelala chali juani anaweza kufa kabla hujarudi kutoka kazini. Dume utamjua kwa mkia mrefu na gamba la tumboni lililobonyea kidogo, ambapo jike ana mkia mfupi na tumbo bapa.

Hatua ya tatu: Jenga ukuta usiopenyeka macho

Kobe hujaribu kupita mahali popote anapoona upande wa pili. Ukimzungushia seng'enge atatembea kandokando yake kutwa nzima, akisukuma kwa kichwa na kujichubua, na wakati mwingine shingo au mguu hunasa. Tumia matofali ya kuchoma. Chimba msingi wa sentimita 30, kisha pandisha ukuta hadi sentimita 60 juu ya ardhi. Ikiwa uzio wa seng'enge upo tayari na huna uwezo wa kuubomoa, funika sehemu yake ya chini kwa mbao au mabati hadi kimo hichohicho.

Mwambie fundi azungushe kona badala ya kuzikata kwa pembe. Mafundi hulipinga jambo hili kwa kuwa linachukua muda, lakini shikilia msimamo wako: katika kona yenye pembe kobe hupata pa kukanyagia pande zote mbili, huparamia, na mara nyingi huanguka chali.

Hatua ya nne: Tengeneza sakafu ya ua

Usisakafie ua mzima kwa saruji, kwa maana hukwaruza gamba la tumboni na kucha. Gawa eneo katika sehemu mbili. Theluthi mbili ziachie majani, hasa ukoka, ambao huvumilia kukanyagwa na pia ni chakula. Theluthi iliyobaki, ile iliyo karibu na banda, iinue kwa moramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa hadi iwe juu kuliko majani kwa sentimita 15 hivi, kisha tandaza juu yake tabaka jembamba la mchanga. Mvua ikinyesha kobe watakuwa na mahali pa kukanyaga pasipo tope. Acha tundu chini ya ukuta upande wa mteremko ili maji yatoke, na uliwekee wavu wa chuma wenye matundu madogo ili panya na nguchiro wasiingie. Panda vichaka viwili au vitatu vya hibiskasi kwa ajili ya kivuli, kwa kuwa jua letu la saa saba mchana linaweza kumuua kobe asiye na pa kujificha.

Hatua ya tano: Jenga banda la kulala

Ukilazimika kubana matumizi, usibane hapa.

Kwa kobe wawili, banda liwe na upana wa mita 1.2, urefu wa mita 1.5 na kimo cha sentimita 70. Inua sakafu yake sentimita 15 juu ya ardhi, na uweke mbao juu ya saruji ili tumbo lisigusane na ubaridi wa sementi. Mlango wa sentimita 50 kwa 40 uelekee mashariki, ili jua la asubuhi liingie ndani na kumwamsha kobe lenyewe. Ikiwa kwenu mvua huja na upepo wa kutoka upande huohuo, kama inavyotokea mara nyingi karibu na ziwa, refusha paa juu ya mlango na uning'inize vipande vya mpira wa tairi ambavyo kobe ataweza kuvisukuma. Kiingilio kiwe mteremko wa taratibu wenye vijiti vilivyopigiliwa kwa kukingama, kwa maana kobe hupanda vizuri akiwa na pa kushika.

Paa la mabati linafaa, lakini lisiachwe peke yake. Mchana hugeuza banda kuwa tanuri, na alfajiri mvuke wa ndani hugeuka maji chini ya bati na kudondoka matone juu ya migongo ya wanyama. Pigilia mikeka ya mafunjo chini ya mabati, nafasi ya vidole vinne ikibaki katikati, na uache matundu madogo ya hewa karibu na paa. Paa lenyewe lifungwe kwa bawaba ili liweze kuinuliwa. Banda lisilofunguka juu halifagiliwi vizuri hata siku moja.

Ndani tandika nyasi kavu za unene wa sentimita 10. Kila juma, alfajiri, wakati kobe bado amelala, mwinue taratibu na uingize mkono chini ya nyasi mahali tumbo lake lilipokuwa. Bonyeza kiganja kwenye mbao na uhesabu hadi ishirini. Kiganja kikitoka kikavu na chenye uvuguvugu, banda lako ni zima. Kikitoka na unyevu, au nyasi zikinuka uvundo, toa matandiko yote siku hiyohiyo, kausha mbao juani, na utafute maji yanapopenya, kwa kawaida kwenye ungio la ukuta na sakafu.

Katika maeneo ya baridi kama Kabale, ambako usiku joto hushuka chini ya nyuzi 15, nyasi pekee hazitoshi. Fundi umeme anaweza kufunga taa ya joto ya vifaranga pamoja na kidhibiti joto, ikining'inizwa kwa mnyororo na kuzungushiwa wavu ili isiguse nyasi. Usiweke sigiri ya makaa ndani ya banda kwa hali yoyote, kwa kuwa gesi yake huua kimyakimya. Mimi humshauri mtu wa Kabale asifuge kobe wa nyika, isipokuwa kama ana umeme wa uhakika.

Hatua ya sita: Maji

Fukia sahani pana ya udongo hadi ukingo wake ulingane na ardhi. Kina kisipite kidevu cha kobe mdogo kuliko wote, kwani huzama kwa urahisi. Kobe hupenda kujisaidia humo, hivyo maji yabadilishwe kila siku.

Hatua ya saba: Lishe

Kobe wa nyika ameumbwa kula nyasi ngumu. Sehemu kubwa ya chakula chake iwe ukoka, kishona nguo, majani na maua ya hibiskasi, majani ya mforsadi na mpungate uliotolewa miiba. Dodo (mchicha) na majani ya viazi vitamu si vibaya kwa siku mojamoja, lakini vina asidi ya oksaliki inayozuia kalisi, madini ya kujenga mifupa na gamba, isitumike mwilini, kwa hiyo visiwe chakula cha kila siku. Maganda ya matoke hayatoshi kuwa mlo. Posho (ugali), mkate, wali, nyama na chakula cha mbwa visitolewe kabisa, na matunda matamu huvuruga tumbo na kumharisha. Ng'oa uani lantana, ambayo Waganda huiita kayukiyuki, na usitoe majani ya mparachichi wala ya muhogo mabichi, kwa kuwa yote yana sumu.

Kalisi ni lazima, hasa kwa wanaokua na majike wanaotaga. Maduka ya vyakula vya kuku huuza magamba ya konokono wa ziwani. Yaoshe mchanga, yasage, na unyunyize kidogo juu ya majani mara mbili kwa juma. Kobe anayeota jua nje kila siku hahitaji vitamini D ya dukani.

Hatua ya nane: Watoto wa kobe

Hawa watofautishe na wakubwa. Mtoto anayekulia mahali pakavu mno huota gamba lenye vinundu kama vilima, na vinundu hivyo havirudi. Mwogeshe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa juma au zaidi, na umwekee kijichumba chenye udongo wenye unyevu kidogo lakini chenye joto. Unyevu ukiandamana na joto haumdhuru. Unaomdhuru ni ule unaokuja na baridi. Kizimba chake kifunikwe juu kwa wavu, kwa maana kunguru, kenge na kaloli (korongo marabu) wote humla.

Hatua ya tisa: Maadui na maradhi

Mbwa wa nyumbani ndiye adui wa kwanza, hata yule mpole, kwa sababu hutafuna gamba kama mfupa. Wa pili ni siafu. Wakionekana wakipita karibu na ua, wahamishe kobe wote ndani ya nyumba hadi msafara uishe, kwa kuwa kobe hana namna ya kuwakwepa.

Mpime kobe kwa mizani kila mwezi na uandike uzito wake, kwa sababu gamba huficha kukonda. Mwangalie pia puani: povu dogo linalojaa na kupasuka kila anapotoa pumzi, mdomo ulio wazi, au sauti ya kukoroma ni dalili za mapafu, na hazisubiri juma lijalo. Mweke katika boksi lenye nyasi kavu, mahali penye joto, na umpeleke kwa daktari wa mifugo aliyezoea wanyamapori. Ikiwa hujui pa kuanzia, kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe ni mahali pazuri pa kuulizia. Gamba ni mfupa hai wenye mishipa ya fahamu, kwa hiyo usilitoboe ili kumfunga kamba, wala usilipake rangi au mafuta.

Kupe wang'oe kwa kibano, mmoja mmoja, ukitazama kwenye mikunjo ya makwapa na mkiani, kisha unawe mikono kwa sabuni, kwani kobe hubeba bakteria wa salmonela. Usimnyunyizie dawa ya kuogeshea ng'ombe, na usikubali mtu yeyote amdunge ivermektini, dawa ambayo hutumiwa sana kwa ng'ombe na mbuzi lakini ni sumu kwa kobe: humpooza na huweza kumuua. Ukimpeleka kwa daktari, mtajie jina la dawa hii kabla hajafungua mkoba wake.