SOMO: Taa ya mezani ya kusomea hosteli, kuanzia dukani hadi mezani

Kila muhula ukianza meseji zinamiminika: "Mkuu, ninunue taa gani?" Nimechoka kuandika jibu lilelile, kwa hiyo naliweka hapa lote. Atakayenifuata faraghani nitamrudisha huku, asinune.

Nawalenga hasa wa hapa Kampala, wa Kikoni, Wandegeya, Kansanga na hosteli zinazofanana na hizo: meza finyu, soketi moja ya kugombania, na balbu ya dari iliyo nyuma ya kiti, inayokutupia kivuli chako mwenyewe kwenye daftari. Huku ikweta saa moja na nusu jioni huwa giza limeshaingia, mwezi wowote. Utaitumia taa hiyo kila siku.

Hatua ya 1. Panga bajeti yako, na usimtajie mwenye duka.

Hatua ya 2. Pima meza. Kama unataka taa ya kubana ukingoni, pima na unene wa ubao.

Hatua ya 3. Chukua LED. Usibabaishwe na wati. Wati ni umeme unaoliwa, mwanga unasomwa kwa lumeni. LED ya wati 8 au 9 inakaribia mwanga wa balbu ya zamani ya wati 60. Kwa meza moja lumeni 400 zinatosha kabisa. Kwa wanaojilipia Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla: LED ya wati 5 ikiwaka saa 6 kila usiku haifikishi uniti moja kwa mwezi. Ile ya wati 60 kwa saa hizohizo inakula karibu uniti 11.

Hatua ya 4. Rangi ya mwanga. Tafuta namba yenye herufi K kwenye boksi. 2700 hadi 3000 ni njano, 4000 ni ya katikati, 6500 ni nyeupe ya kibuluu. Mimi nasomea 4000. Ile ya 6500 inakuweka macho, lakini ukiizima saa saba usiku usingizi nao unagoma. Ukipata yenye kitufe cha kubadilisha rangi, chukua hiyo.

Hatua ya 5. Iwashe dukani. Duka lisilo na soketi ya kujaribia, pita. Ikishawaka, ipunguze mwanga kama ina kitufe hicho, kisha punga kalamu harakaharaka chini yake. Ukiona ukungu mmoja laini, iko sawa. Ukiona kalamu nyingi zimepangana kama meno ya kitana, taa inawaka na kuzimika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa yenye saketi hafifu inapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kuna watu kichwa kinawauma kila wakisoma na wanasingizia kozi.

Hatua ya 6. Plagi na betri. Hapa soma polepole.

Taa nyingi za bei ya chini zinakuja na pini mbili za mviringo, wakati soketi zetu ni za pini tatu bapa. Kila mtu anajua ujanja: unachomeka kijiti au kalamu ya biki kwenye tundu la juu, milango ya ndani inafunguka, unasukuma pini mbili chini. ACHA. Kwanza, pini za mviringo hazikai sawasawa kwenye matundu bapa. Zinagusa kwa shida, pale zinapogusa panapata joto, na ndiyo maana soketi nyingi za hosteli zina weusi pembeni. Pili, plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani na ile ya pini mbili haina. Nunua adapta yenye fyuzi, au mwambie fundi akufungie plagi ya pini tatu yenye fyuzi ya ampia 3. Si 13! Ya 13 ni ya pasi na birika. Itakaa kimya waya mwembamba wa taa ukiungua.

Taa ikiwa ya chuma, iwe na waya wa ethi, yaani nyaya tatu. Kama ina mbili tu, tafuta alama ya mraba ndani ya mraba, inayoonyesha kwamba imekingwa maradufu. Ukikosa vyote viwili, iache dukani.

Sasa zile za kuchaji, zenye pini zinazojificha ndani ya taa yenyewe. Umeme ukikatika zinafaa sana, sibishi. Lakini nyingi hazina transfoma ndani. Zikiwa kwenye chaji, saketi yote imeungana moja kwa moja na volti 240. Kwa hiyo:
– usiishike kwa mkono uliolowa ikiwa inachaji;
– ikipasuka ganda, usiichaji tena;
– kama ina tundu la kuchajia simu, usilitumie ikiwa ukutani;
– usiichajie kitandani karibu na neti ya mbu.

Na betri. Ile nzito yenye umbo la boksi ni ya risasi. Ukiiacha tupu likizo nzima, utarudi uikute imekufa. Ichaji ijae kabla ya kupanda basi la nyumbani. Ile nyepesi ni ya lithiamu. Ikivimba, basi tena.

Hatua ya 7. Unayeandika kwa mkono wa kulia, taa ikae kushoto. Wa kushoto, kinyume chake. Ukingo wa kofia ya taa uwe chini ya usawa wa macho, usiione balbu yenyewe. Imekwisha.

MASWALI

Kijana_Nakulabye: Asante mkuu, somo zuri. Kwa hiyo ninunue ipi?

*Jibu:* Soma tena kuanzia hatua ya 1.

Binti_Mwanza: Kaka, niende soko la Kikuubo au la Owino?

*Jibu:* Kikuubo wengi wanauza kwa jumla, mkiwa wanne au watano mkanunua pamoja mtapata nafuu. Owino unaweza kupata mitumba mizuri ya chuma, lakini angalia waya wote, kuanzia plagi hadi shingoni, hasa panapokunjwa. Kokote uendako, nenda na kalamu.

BossNairobi: Mimi natumia kijiti tangu mwaka wa kwanza na sijaungua. Mnatishana bure.

*Jibu:* Soketi ni ya mwenye hosteli, godoro ni lako. Nimeeleza sababu mbili hapo juu. Kama una hoja dhidi yake, ilete, tuijadili.

Fundi_Bwaise: Namuunga mkono mwandishi. Soketi zilizoungua ndizo zinazonilisha hapa mtaani, na nyingi ni hizohizo za vijiti.

Mtu_wa_Bukavu: Mimi nimetoka nayo nyumbani Kongo, pini mbili za mviringo. Itakubali umeme wa huku?

*Jibu:* Umeme wenyewe hauna shida, tofauti ya 220 na 240 ni ndogo. Soma kibandiko: kikisema 220–240 au 100–240, salama. Tatizo ni plagi tu, tafuta adapta. Aliyeletewa taa kutoka Marekani ndiye achunguze zaidi. Ikiandikwa 120 pekee, ataisikia ikilia mara moja tu.

Mchoraji_Kla: Mimi nasoma sanaa. Usiku nachanganya rangi naona nyekundu safi, asubuhi naikuta kama udongo. Ni macho au taa?

*Jibu:* Swali zuri kuliko yote hapa. Ni taa. Mwanga wa jua una rangi zote, LED rahisi ina buluu nyingi na nyekundu kidogo, kwa hiyo kitu chekundu hakina cha kurudisha machoni pako. Kwenye boksi tafuta CRI au Ra, namba inayoonyesha taa inatoa rangi kwa uhalisia kiasi gani. Nyingi ni 80, inatosha kusoma. Wewe tafuta 90 kwenda juu, na kama utapata inayotaja R9, hiyo ndiyo nyekundu iliyokoza, namba ikiwa kubwa ndivyo bora. Kwa duka lisilo na maelezo, shika kiganja chako chini ya taa: ngozi ikionekana kama ya maiti, achana nayo. Na kabla ya kununua nyingine, jaribu kuishusha uliyonayo. Taa iliyo sentimita 60 juu ya karatasi inatoa karibu robo tu ya mwanga wa ile iliyo sentimita 30. Hafifu ni hafifu, rangi nazo zinafifia.

Mchoraji_Kla: Nimejaribu kiganja. Mimi ni maiti. Asante sana!

Dada_Zai: Ya yuesibii kwenye pawabanki itakaa muda gani?

*Jibu:* Pawabanki ya 10,000 mAh ina kama wati-saa 37. Toa upotevu, gawa kwa wati 5, unapata saa 6 hivi. Angalia jambo moja: taa ikiwa ndogo sana, baadhi ya pawabanki zinadhani hakuna kitu kimechomekwa na zinajizima.

Kijana_Nakulabye: Bei je?

*Jibu:* Inategemea duka, siku na uso wako. Hatua ya 1.

Wa_Masaka: Na Novemba? Dirisha la hosteli letu halina wavu, nsenene wote, wale panzi wa kuliwa, wanaingia kwangu.

*Jibu:* Weka mwanga wa njano, 2700, wadudu hawaufuati sana kama mweupe. Nyie wa Masaka mnajua, mitego yenu ya mabati inawekewa balbu kali nyeupe.

Wa_Masaka: Sasa wewe unanifundisha kuwafukuza? Mimi nilitaka waingie zaidi.

*Jibu:* Ssebo (bwana), basi 6500, taa dirishani, na beseni chini. Ila mwulize kwanza mwenzako wa chumbani.